Kabla Hujamnunulia Mjomba Iafoni za Shingoni

Ramadhani ya mwaka juzi nilimnunulia mjomba wangu zawadi, na kwa muda wa siku 23 alinificha kwamba zawadi ile haimfai kitu. Kila nikienda kumtazama baada ya taraweh, nyumbani kwake Kibokoni, nilimkuta ameketi juu ya kitanda, ule ukanda mweusi u shingoni, vipande viwili vimo masikioni, na macho ameyafumba. Moyo wangu ulikuwa ukifurahi, nikidhani anasikiliza juzuu ya siku ile. Kumbe mzee wa watu hasikii hata herufi moja. Alikuwa akiuvaa ukanda ule kila aisikiapo sauti yangu mlangoni, kwa adabu tu, asije akanivunja moyo.

Tangu siku niliyoijua siri hiyo nimekuwa mdadisi wa vyombo hivi. Nimewasumbua mafundi wa simu, nimewahoji wauzaji, na zaidi ya hao nimewauliza wenye kuvivaa kutwa kucha. Haya niyaandikayo leo ni kwa ajili ya msomaji ambaye Idi inamkaribia, ana shilingi zake mfukoni, na hajui achukue kipi katika vile vilivyotundikwa dukani.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Iafoni za shingoni, ambazo vijana huziita nekibendi, hazina waya wa kuchomeka katika simu. Ni ukanda laini wa mpira au plastiki uliopindwa mfano wa kiatu cha farasi, hulala shingoni, na kutoka katika ncha zake mbili hupanda nyaya fupi mpaka masikioni. Betri na mitambo yote imo ndani ya ukanda. Simu huupelekea ukanda sauti kwa mawimbi ya redio yaitwayo Bluetooth, nayo mawimbi hayo hufika kiasi cha mita 10 mahali pasipo na kizuizi. Jina hilo maana yake ni jino la buluu, na lilikuwa lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyesifika kwa kuwaunganisha watu wake. Makampuni matano, Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba, yalipoungana mwaka 1998 kuusimamia mtambo huu, yakaliazima jina lake. Mfalme mwenyewe hakuota kwamba atakuja kutajwa mchana na usiku na wauza simu wa Mombasa.

Si jambo geni hapa pwani mtu kupenda kusikiliza. Wazee wetu walikuwa na santuri, zikaja redio za barazani, zikaja kaseti, na Mbwana Radio Service hapa Mombasa ikawa mashuhuri kwa kaseti zake za taarab. Mwaka 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman, na kwa mara ya kwanza kijana akaweza kupita njiani na muziki wake peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 LG ya Korea Kusini ikazipa umaarufu iafoni za shingoni kwa aina zake zilizoitwa Tone, na wengine wakafuata. Kabla ya Walkman, redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima na wote wakabishana juu ya habari ile ile. Leo watu watano wameketi baraza moja na kila mmoja yu katika dunia yake. Mimi hilo silipendi, lakini si kazi ya makala haya kulirekebisha.

MACHO YA MJOMBA

Mjomba wangu alikuwa akisoma msahafu kila alfajiri, tangu ujana wake, mpaka maradhi ya presha ya macho yalipomnyang'anya herufi moja moja. Kwa hivyo sasa kusikia ndiko kusoma kwake. Redio anayo, lakini katika chumba cha pili yumo kitukuu mchanga anyonyaye, na usiku wa manane mzee huona haya kuifungua. Ndipo nikasema nitamnunulia iafoni za shingoni, asikilize mpaka daku pasipo kumwamsha mtu.

Nikaenda duka moja mjini. Kijana wa duka akanipokea kwa bashasha. "Ami, chukua hii," akaniambia. "Betri yake saa 30, besi yake nzito, na kelele za nje huzisikii." Nikatoa shilingi 4,500 bila ya kujiuliza swali moja lililokuwa la lazima, nalo ni hili: sauti anayoitaka mjomba hutoka wapi?

Simu ya mjomba ni ile ya vibonye, na ndani yake mna redio. Lakini redio ya simu nyingi za namna ile huutumia waya wa iafoni kuwa ndio ariali yake. Ukiuchomoa waya, stesheni zote zapotea. Ziko simu nyingine zilizotiwa ariali ndani kwa ndani, na hata baadhi ya hizo haziwezi kuipeleka sauti ya redio kwenye Bluetooth. Na ziko simu za vibonye zisizo na Bluetooth kabisa. Ya mjomba ilikuwa nayo, na hapo ndipo tulipodanganyika. Siku niliyompelekea zawadi tuliviunganisha, ukanda ukajitangaza kwa Kiingereza kwamba umeshaungana, watoto wakapiga makofi. Nikatoka ukumbini nikampigia simu, akanisikia, akaniombea dua. Redio hatukuijaribu. Na redio ndiyo aliyoitaka.

Aliyeitoa siri ni mjukuu wake wa miaka tisa. Usiku wa 23 aliniangalia nimekaa nimetabasamu, akaniambia wazi, "Babu humo hamsikii kitu. Huvaa ukija wewe." Nikamtazama mjomba. Akacheka, akauvua ukanda, akaupapasa kwa vidole.

"Mwache mtoto," akasema. "Chombo ni kizuri, mwanangu. Shingo yangu yakipenda. Masikio ndiyo hayajapata haki yake."

Fundi mmoja wa simu pale Mwembe Tayari ndiye aliyenitoa katika aibu ile. Baada ya kunisikiliza alichomoa chini ya meza ukanda wa shilingi 1,200, mbaya wa sura, mzito kidogo, wenye kijitundu ubavuni cha kutilia memori kadi. Kadi ikiingia, ukanda wajisomea wenyewe, hauitaji simu, wala stesheni, wala intaneti. Khitma nzima ya juzuu 30 kwa sauti ya Abdul Basit Abdus-Samad, yule msomaji wa Misri aliyefariki mwaka 1988, kwa ule usomaji wake wa murattal, yaenea katika kadi ya gigabaiti 4 na nafasi ikabaki.

Fundi akanionyesha na jambo jingine ambalo kijana wa duka hakulitaja. Vibonye vya ukanda ule vilikuwa vitatu, vimeinuka, kila kimoja na kazi yake, na kidole cha mtu asiyeona chaweza kuvijua gizani. Ule wa shilingi 4,500 ulikuwa na kibonye kimoja kilichofanya kazi tano: ubonyeze mara moja, mara mbili, mara tatu, au ukishikilie kwa muda, na ukikosea wampigia simu mtu usiyemkusudia. Kwa kijana hayo ni mchezo. Kwa mzee wa miaka themanini ni mtihani.

Ukanda ule wa kadi una kasoro zake, sizifichi. Sauti yake ni nyembamba. Plastiki yake haitaniahidi miaka mingi. Na ukizimwa katikati ya sura, ukiwashwa tena huanza mwanzo wa sura ile, si pale ulipokatika. Mjomba asema hilo si kasoro, ni thawabu mara mbili.

SAUTI MPAKA MWISHO

Lakini hata ukanda huo wa pili ulinitia wasiwasi. Jioni moja niliketi mlangoni, hatua nne kutoka kitandani, nami nikawa nasikia kila aya inayosomwa ndani ya masikio ya mjomba. Alikuwa ameifungua sauti mpaka mwisho.

Hapa nawaomba wasomaji wanisikilize vizuri. Mzee akiwa aifungua sauti mpaka mwisho na bado alalamika, usikimbilie kumnunulia chombo chenye nguvu zaidi. Mpeleke kwa daktari wa masikio kwanza. Mjomba alikuwa na nta ngumu iliyoziba sikio la kushoto, na vile vipande vya mpira tulivyokuwa tukimtia kila usiku vilikuwa vikiisukuma ndani zaidi. Daktari alipoitoa, sauti ikashuka karibu nusu bila ya kuongeza shilingi katika iafoni. Sikio la kulia limepungua kweli, kwa umri, na kwa upungufu wa namna hiyo dawa si iafoni. Kile chombo cha kumsaidia asiyesikia hupimwa kwa sikio la mtu mwenyewe, sauti hii ikazidishwa na ile ikaachwa, na iafoni ya dukani haiwezi kushika nafasi yake.

Na tusiwatazame wazee peke yao. Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu iliyo nyepesi kukumbuka. Mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Ikifika desibeli 90, saa hizo 40 huwa saa 4 tu. Ikifika 100, zabaki dakika 20 kwa juma zima. Kwa mtoto kipimo cha saa 40 ni desibeli 75. Shirika hilo lakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1, wa miaka 12 hadi 35, wanajihatarisha kwa namna wanavyosikiliza. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Vikifa kwa makelele havioti tena. Kijana ambaye masikio humlia akivua iafoni usiku ameshapewa onyo.

Njia ya nyumbani ya kupima ni hii: simama mbele ya mtoto kwa umbali wa mkono, sema naye kwa sauti ya kawaida hali amevaa. Asipokusikia, sauti yake imezidi. Na mara nyingi anayeipandisha ni pangaboi. Feni yavuma, mtoto aongeza sauti kuishinda feni, na asubuhi husahau kuipunguza. Dawa yake ya rahisi ni vile vipira vya sikioni. Iafoni nyingi huja na vipira vya ukubwa wa namna tatu, na wengi wetu hutumia vile vilivyokuja vimevalishwa, vingine tukavitupa pamoja na kasha. Vijaribu vyote. Kipira kinachoziba sikio sawasawa huzuia feni, na sauti ndogo ikatosha.

Kuna na wale wanaoogopa mawimbi ya shingoni kuliko makelele. Ukanda wa kawaida hurusha mawimbi ya nguvu ya milliwati 2.5 au chini yake, na simu unayoiweka shavuni hurusha mara nyingi zaidi ya hapo. Wa kuchukua hadhari ni mwenye mashine ya moyo kifuani. Vipande vya sikioni vya kanda nyingi vina sumaku ili vishikane visipotumika, na vikishikana huning'inia kifuani hasa. Mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri vitu vyenye sumaku vikae kiasi cha sentimita 15 mbali na mashine hiyo. Mtu kama huyo asinunue ukanda wa sumaku, au amwulize daktari wake kwanza.

CHINI YA MTANDIO

Ule ukanda wa kwanza haukupotea bure. Mjomba ana binti, dada yangu, ambaye hushona kofia za vito. Kazi ile mwaijua: sindano, uzi, vijitundu visivyo na idadi, na kofia moja huweza kumchukua mshonaji majuma mengi. Mikono haina nafasi ya kingine, lakini masikio yako wazi, na dada husikiliza darasa, kasida, na taarab za kale akishona. Kabla ya hapo alikuwa na zile iafoni ndogo zisizo na ukanda wala waya. Moja ilidondoka chini ya mkeka Shaaban ikaonekana Shawwal.

Kwa mwanamke wa kwetu naona ukanda wa shingoni umezishinda zile ndogo kwa mbali. Hukaa chini ya mtandio, haumsumbui akivaa buibui, na mtoto akiita atoa kipande kimoja kikamning'inia kifuani, akamjibu, akakirudisha. Lakini kabla ya kununua atazame maiki iko wapi. Katika baadhi ya kanda imo ndani ya ukanda wenyewe, na mtandio ukiisugua, anayepigiwa simu husikia mchakato kama wa mtu afagiaye uwanja. Afadhali ile iliyo katika ule waya mfupi, kwani aweza kuitoa nje ya nguo anapozungumza.

Na joto letu lisisahauliwe. Wakati wa kaskazi mpira ulio juu ya shingo hulowa jasho, na jasho, chumvi ya bahari, manukato na mafuta ya nywele ni maadui wa mpira na wa shaba. Kwenye makasha huandikwa alama kama IPX4 au IP55. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Palipo na herufi X hapakupimwa. Nne ya maji ni marasharasha ya kutoka kila upande, nayo yatosha kwa jasho na kwa matone ya udhu. Saba ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Lakini vipimo hivyo ni vya maji matamu, na aliyeogelea nao Nyali asije akamlaumu muuzaji. Dada huufuta wake kila usiku kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na kabla ya kuuchomeka kwenye umeme hungoja ukauke.

Jambo moja zaidi kwa waendao msikitini. Kanda nyingi hutikisika shingoni simu inapoita, hata kama simu yenyewe umeinyamazisha. Niliwahi kusimama karibu na mtu aliyeruka katika rakaa ya pili kana kwamba ameumwa na nge. Zima ukanda wenyewe, au uache pamoja na viatu.

PESA NA MWENDO WA MTU

Bei hapa Kenya huanza chini ya shilingi 1,000 zikapita 10,000, na kosa kubwa ni kudhani kwamba ghali ni nzuri kwa kila jambo. Chukua mfano wa betri. Sony ilipotoa WI-C100 mwaka 2022, iafoni ya watu wa kawaida, ilisema yafika saa 25. WI-1000XM2 ya kampuni hiyo hiyo, ya mwaka 2019, iliyokuwa ghali kuipita mara nyingi, ilitajwa kuwa ya saa 10. Zile pesa nyingi hazikununua saa. Zilinunua mtambo wa kuua makelele, na mtambo ule hula betri. Huua vizuri mvumo usiobadilika, kama wa ndege, basi la usiku au jenereta, lakini sauti za watu hupenya. Mtu asafiriye kwenda Muscat au Jeddah kila mara atafaidi. Mtu anayekaa Majengo na haendi mbali, pesa hizo amnunulie mama kanzu.

Anayepiga simu kutwa, kama mawakala wa mizigo wa bandarini, atafute ukanda uwezao kushika simu mbili kwa wakati mmoja, maana wengi wao wana mbili. Atafute na wa kuchaji haraka. OnePlus walipotoa Bullets Wireless Z2 mwaka 2022 walisema dakika 10 za umeme zatoa saa 20 za kusikiliza, na kwa mahali ambapo umeme hukatika hilo si jambo dogo. Na asishangae muziki ukiwa mzuri na simu ikawa na sauti ya kopo: Bluetooth ikipeleka sauti pande mbili kwa pamoja hupunguza uzuri wake. Si ugonjwa wa chombo. Kuna na dhiki ya kusahau. Ukiuacha ukanda chumbani bila ya kuuzima, simu ikaita ukumbini, utapokea na hutasikia neno, kwa sababu mpigaji anazungumza na kabati lako.

Waendesha bodaboda nitawaambia nionavyo, na wakikasirika basi. Mwenye pikipiki hastahili kuziba masikio kwa vipira, hata kwa kasida. Honi ya lori la kontena humfikia kwa sikio kabla ya jicho. Ipo namna nyingine, ya kupitisha sauti katika mfupa wa shavu na kuyaacha masikio wazi, na Shokz OpenRun ya mwaka 2022 ni mmojawapo. Chuma chake hupita nyuma ya kichwa, betri yake ya saa 8. Hiyo ni nafuu kwa atembeaye kwa miguu na avukaye Likoni katika msongamano wa asubuhi. Kwa pikipiki bado nasema zivuliwe.

Nikirudi kwa mwenye shilingi 1,000 hadi 3,000, ambao ndio wengi wetu, vyombo vya kutosha vipo, Oraimo na wenzake, lakini hapo ndipo bandia zilipojaa pia. Kasha laweza kuandikwa JBL au Sony na ndani mkawa na kitu kisichojulikana baba wala mama. Omba kifunguliwe na kiunganishwe na simu yako pale pale, kisha usome jina linalojitokeza katika simu. Likiwa si lile la kwenye kasha, salimia utoke. Pinda ukanda polepole utazame pale mpira unapokutana na plastiki ngumu, na pale waya unapoingia katika kipande cha sikioni. Kanda nyingi hufia mahali pawili hapo. Tazama tundu la chaji kama lakubali waya wa simu uliyo nayo nyumbani. Na waranti iwe ya maandishi.

Kisha isikilize kwa sauti unayoijua. Muuzaji atakupigia muziki wa ngoma nzito, nawe utasema ala, hii kali! Lakini besi nzito humfunika mwimbaji, na taarab ya Juma Bhalo ikipigwa humo wasikia ngoma na maneno yamezama. Mimi sasa huingia dukani na mambo mawili ndani ya simu: usomaji wa Abdul Basit na wimbo mmoja wa zamani wenye udi. Nikisikia pumzi ya msomaji kabla ya aya, na nikisikia ukucha juu ya waya wa udi, nauliza bei. Nisiposikia, siulizi.

Dada anasema ukanda wa kwanza una miezi kumi na minane naye sasa, na betri imeanza kupungua. Wa mjomba mpira umechanika upande mmoja, fundi ameufunga kwa gundi. Juma lililopita nilimkuta ameketi pale pale, ukanda shingoni, na safari hii alikuwa akisikiliza kweli, maana nilitoa salamu mara mbili asiitikie. Aliponihisi alitoa kipande cha kulia.

"Hii kadi," akaniuliza, "ni lazima awe Abdul Basit, ama yaweza kutiwa sauti ya mtu yeyote?"

"Ya mtu yeyote, mjomba."

"Basi nisomee Yasin uitie humo. Wewe huja mara mbili kwa juma tu."

Nimeshajirekodi mara sita. Aya ndefu bado zanikata pumzi, na dada, aliyesikiliza ya mwisho kwa ule ukanda wa shilingi 4,500, asema makosa yote yasikika wazi kabisa.